Nukta Tisa za Penseli

Mchapishaji wangu ameniandikia kwamba diwani yangu ya mashairi iko tayari, umebaki ukurasa mmoja tu. Anataka ukurasa wa shukrani, ule unaosema shairi gani lilitoka kwanza katika jarida gani na mwaka gani. "Ni kazi ya nusu saa," alisema. Leo ni siku ya tisa na bado sijamaliza.

Bila daftari langu nisingejua hata pa kuanzia. Nilianza kutuma mashairi majaridani mwaka 1989, na tangu bahasha ya kwanza nimekuwa nikiandika kila nilichokituma: jina la shairi, jarida, tarehe ya kutuma, tarehe ya jibu, na jibu lenyewe. Safu tano zilizopigwa kwa rula. Jalada ni gumu, jeusi, mgongo umeshatiwa gundi mara mbili, na katika kurasa za mwanzo wino wa buluu umegeuka kahawia. Juzi usiku niliketi nikahesabu. Nimetuma mara 212. Nimekubaliwa mara 41. Nilidhani ni chache kuliko hapo, na nilifurahi peke yangu pale mezani kama msichana.

Wanaotuma siku hizi kwa kubonyeza kitufe huenda hawajui zamani kazi hii ilikuwaje. Unachapa kwa mashine, shairi moja karatasi moja, jina na anwani juu, na chini ya karatasi unaweka kaboni ili ubaki na nakala. Unakunja mara tatu. Ndani ya bahasha unatia bahasha nyingine yenye anwani yako mwenyewe, stempu zimeshabandikwa, mhariri asiingie gharama ya kukujibu. Jarida likiwa nchi nyingine stempu zako hazina kazi huko, kwa hiyo unanunua posta ile kuponi ya kimataifa ya majibu, iliyobuniwa mwaka 1906, ambayo mpokeaji huenda nayo posta ya kwao akapewa stempu. Kisha unangoja. Miezi mitatu, sita, na mara moja ilikuwa miezi kumi na minne.

Bahasha inayorudi ina mwandiko wako mwenyewe, kwa hiyo unaitambua kabla hujaishika. Nilijifunza kuipima kwa vidole. Ikiwa nene, mashairi yamerudi yote. Ikiwa nyembamba, pengine wamebaki na moja. Kuna jioni niliiacha nyembamba juu ya kabati mpaka watoto walale, maana sikutaka mtu aone uso wangu nikiifungua.

Miaka miwili ya kwanza zote zilikuwa nene. Ndani mlikuwa na kikaratasi kidogo kilichopigwa chapa, kile kile kwa kila mtu, kinachoshukuru na kusikitika. Sikuwachukia waliovituma. Lakini kikaratasi hakikuambii kitu. Hujui kama mtu alifika ubeti wa pili, au kama aliona jina geni akakunja papo hapo.

Mwaka 1991 ilirudi bahasha nene, na humo hamkuwa na kikaratasi. Yalikuwa mashairi yangu matatu tu. Mawili yalikuwa safi kama nilivyoyatuma. La tatu lilikuwa na alama, nazo nilizikosa mara ya kwanza kwa sababu penseli ilikuwa imeguswa kidogo sana. Niliinamisha karatasi kuelekea taa, ndipo nikaona: chini ya utao, yaani nusu ya pili, wa mshororo mmoja katika ubeti wa tatu, palikuwa na nukta ndogo ndogo zimepangwa chini ya silabi. Pembeni mwa ukurasa iliandikwa tarakimu 9. Hakuna saini wala maelezo.

Mshororo ulikuwa huu:

Nililia peke yangu, hapana mtu aliona

Lilikuwa tarbia la kawaida, mishororo minne kila ubeti, mizani 16, yaani silabi 16, kila mshororo, nane kwenye ukwapi, ile nusu ya kwanza, na nane kwenye utao. Nilihesabu utao kwa sauti nikapata nane. Nikarudia, nane. Nilimkasirikia yule mtu wa penseli siku mbili nzima. Siku ya tatu nilikuwa nafua, nikauimba ule mshororo polepole ili mikono iende nao, na kwenye neno "mtu" sauti ikasimama mahali ambapo mimi sikuwa nimeweka kituo. M-tu. Ile m inajitegemea. Nilikuwa nimeihesabu pamoja na tu, kama ilivyo mbu katika "mbuzi", kwa sababu ndivyo ulimi wangu unavyoimeza nikizungumza haraka. "Mbuzi" ni mizani mbili, na "mbwa" ni mizani mbili vile vile ijapokuwa linaonekana fupi kuliko mwenzake, maana m yake husimama peke yake kama ya mtu. Hayo nilikuwa nimeyasoma shule, tena nilikuwa nimeyajibu kwenye mtihani. Kuyajua kwa mkono ni jambo jingine.

Nilirudi nikabadilisha neno moja: "hapana mtu kaona". Nane. Sikuishia hapo, niliyatoa mashairi yote yaliyokuwa kwenye droo nikaanza kuyatilia nukta, silabi kwa silabi, kwa penseli ile ile ninayoandikia orodha ya dukani. Nilikuta makosa kumi na moja. Kulikuwa na mengine mabaya zaidi ambayo nukta hazikuyaonyesha: maneno niliyoyaweka ili kina kifike tu, hayakuwa na kazi nyingine. Ukishaanza kuliangalia shairi lako kama mtu asiyekujua, hayo hujitokeza yenyewe.

Nililituma tena kwa mhariri yule yule. Lilirudi, safari hii na sentensi moja chini: mwisho umekuja mapema. Nikaongeza ubeti. Mwaka 1993 ikaja bahasha nyembamba.

Lile jarida lilikuwa la kurasa 24, limepigwa kwa stensili, limefungwa kwa pini mbili katikati. Malipo yangu yalikuwa nakala mbili za bure. Wino ulikuwa bado unashika vidole. Shairi langu lilikuwa ukurasa wa 9, nalo sikulisoma kwanza. Nililiangalia tu jinsi lilivyokaa, mkato wa kati ukishuka wima ubeti baada ya ubeti, na jina langu juu. Mume wangu alilisoma kwa sauti, akasoma vibaya, nami nikamwacha.

Kuna wenzangu waliokuwa wakidharau majarida ya namna hii. Walisema wanangoja kitabu. Mimi nilikuwa nawaambia kwamba washairi wengi wakubwa wamepita mlango huu huu. Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, lakini lilikuwa na nafasi ya mashairi, na Shaaban Robert naye alichapisha humo kabla vitabu vyake havijajulikana. Mbali huko Chicago, Harriet Monroe alianzisha jarida la Poetry mwaka 1912. Mwaka 1914 mshairi Ezra Pound akampelekea shairi la kijana asiyejulikana, na Monroe alisita nalo miezi mingi, halafu likatoka Juni 1915. Kijana huyo alikuwa T. S. Eliot, aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri, wakati huo ana miaka 26. Nilikuwa nakumbuka hiyo miezi ya kusita kila bahasha yangu ilipochelewa. Inanifariji hadi leo kwamba hata shairi lile lilikaa kwenye rundo la mtu.

Na hao watu wenye marundo tunawasahau mno. Wahariri niliowajua walikuwa wanafanya kazi nyingine mchana. Walisoma usiku, walichapa wenyewe, walikunja wenyewe, na fedha ya kununulia karatasi ilitoka mfukoni mwao. Wengine walilipa zaidi ya hapo: Rajat Neogi, aliyeanzisha jarida la Transition pale Kampala mwaka 1961, alitiwa kizuizini mwaka 1968 kwa sababu ya yaliyochapishwa humo. Mhariri wangu wa nukta hakufikwa na hayo, nashukuru. Lakini alikuwa na rundo, alikuwa mtu amechoka, na hata hivyo aliketi akaweka nukta tisa chini ya mshororo wa mtu asiyemjua, katika shairi ambalo hakulitaka. Sikuwahi kukutana naye. Tuliandikiana miaka sita, hatukuulizana hata habari za nyumbani, ni mizani na vina tu.

Siyo kila jarida lilinitendea hivyo. Moja, nisilolitaja, lilinipa uchungu ambao haujaisha vizuri. Nilikuwa nimewatumia shairi la beti saba lenye kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho unarudi vile vile kila ubeti. Aliyepanga kurasa aliona mstari unajirudia, akadhani mchapaji wangu amekosea, akauacha kwenye ubeti wa kwanza na kuufuta katika beti sita zilizofuata. Toleo lilipofika nilikuta ubeti wa kwanza una mishororo minne na beti nyingine zote mitatu. Msomaji mmoja aliniandikia kwa heshima zote akiuliza kwa nini nimeanza na tarbia nikaingia kwenye tathlitha, shairi la mishororo mitatu. Nilimjibu kwa barua ndefu, nikamwandikia shairi zima kwa mkono. Jarida lenyewe liliahidi kusahihisha toleo lijalo, na toleo lijalo halikutoka.

Tangu hapo, kila nikituma shairi lenye kibwagizo, naandika chini ya ukurasa: "Mshororo wa mwisho unarudiwa kwa makusudi." Nakushauri nawe ufanye hivyo. Pia sema idadi ya beti. Likikatika mahali, mtu atajua.

Kosa langu kubwa nililitenda mwenyewe mwaka 1998. Nilikuwa nimechoka kungoja, nikalituma shairi moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja bila kuwaambia. Yote mawili yakalikubali ndani ya wiki moja. Mhariri wa pili alikuwa ameshalipanga kwenye kurasa nilipomwandikia kulitoa, ikabidi avunje ukurasa mzima na kuupanga upya. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba amesikitika, kwa kuwa alilipenda. Siku hizi majarida mengi yanaruhusu kutuma kwa wengi mradi useme, na ulitoe mara likichukuliwa. Sema. Na ulitoe siku hiyo hiyo.

Baadaye yakaja majarida ya mtandaoni, nami nikaingia kwa hamu. Hakuna stempu, hakuna kaboni. Programu kama Submittable, iliyoanza mwaka 2010, inakutunzia ile orodha niliyokuwa naipiga kwa rula. Nimepata wasomaji huko ambao karatasi isingewafikia kamwe. Ila nina mambo mawili moyoni. Moja ni ada ya kusomewa. Najua mhariri ana gharama, nimeshaeleza hapa jinsi walivyokuwa wakitoa vyao mfukoni, lakini mshairi anayeanza asilipishwe ili asomwe. Nikiwa na miaka ishirini na mitatu nisingeweza kulipa mara 19 nilizokataliwa kabla ya ile bahasha nyembamba, na leo nisingekuwa naandika ukurasa wa shukrani.

La pili ni kwamba jarida la mtandaoni likifa linakufa lote. La karatasi likifa, nakala zinabaki chini ya vitanda vya watu. Katika mashairi yangu 41, kumi na mawili yalitoka mtandaoni, na nilipoanza kuyatafuta wiki hii matano hayakuwepo. Anwani ya tovuti imeisha muda, pameandikwa kwamba jina linauzwa. Nilihangaika mpaka mwanangu aliponionyesha Wayback Machine, hifadhi iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001 inayotunza picha za kurasa za zamani. Tuliweka anwani moja moja. Matatu tukayapata, yakiwa na rangi mbaya na picha zilizokatika, lakini maneno kamili. Mawili hayamo.

Mchapishaji aliuliza pia kuhusu haki. Jambo hili linawatisha vijana bila sababu. Majarida madogo kwa kawaida huomba haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu, na shairi likishatoka haki hurudi kwa mshairi. Kwa yale niliyoandikiana nayo hilo lilisemwa wazi barua kwa barua, na barua ninazo. Kwa yaliyokufa bila kusema, niliwaandikia wahariri niliowapata. Wawili wamejibu. Mmoja ni binti wa mhariri, alisema baba alifariki, na kwamba kwenye sanduku lake amekuta barua zangu zimefungwa kwa uzi.

Kwa karatasi sikufanikiwa sana. Matoleo 29 yalipaswa kuwepo hapa nyumbani, nimeyakuta 23. Sita yamekwenda, kwa kuhama, kwa kuazimana, na moja liliharibiwa na mvua iliyopita darini. Kati ya hayo sita, matano nina nakala za kaboni. Limebaki moja ambalo sina toleo wala kaboni. Daftari linasema: 1996, limekubaliwa, toleo la tatu. Nakumbuka jalada lake lilikuwa la kijani. Nililiandika kaka yetu alipoondoka kwenda kutafuta kazi, miezi mingi ikapita bila habari. Nilikuwa nakumbuka kibwagizo na mishororo michache, basi.

Jumapili nikampigia simu mdogo wangu, nikamuuliza kama ana lile jarida la kijani. Hana. "Lakini shairi ninalo," akasema.

Mama yetu hakusoma. Toleo lilipofika nilimsomea mara mbili, akataka la tatu, kisha akalichukua jarida akaliweka juu ya kabati lake, na sikulisikia tena likitajwa. Mimi niliolewa mbali. Mdogo wangu ndiye aliyebaki naye nyumbani hadi mwisho, na anasema mama alikuwa akilighani jioni akipepeta, kwa sauti ya nyimbo za zamani, beti zote tano bila kupunguza. Yeye alilishika kwa kusikia, hakujua hata kama ni langu. Alidhani ni la wazee.

Akanighania kwenye simu, nami nikaandika. Beti tano zilikuja zote. Niliweka nukta chini ya kila silabi kama kawaida yangu, na mizani zilitimia kote. Katika ubeti wa pili, mshororo wa tatu, alighani neno ambalo si langu. Nina hakika mimi niliandika "macho yapo dirishani". Nilimwambia arudie. Akarudia, neno lile lile. Nikamuuliza kama amekosea, akasema hivyo ndivyo alivyosikia kwa mama miaka yote, na kwamba mama aliwahi kumwambia usiku mtu haoni kitu dirishani.

Ukurasa wa shukrani naupeleka kesho. Ubeti wa pili utachapishwa hivi:

Usiku umeingia, upepo wa mlangoni,
Mbwa wanamlilia, nyayo hazionekani,
Mama anasubiria, masikio dirishani,
Taa hiyo msizime, bado yuko safarini.